Sauti Imenaswa, Mtunzi Yuko Wapi?

Wapo wanaodai kwamba kijana anayenasa taarab inayopigwa kwenye kompyuta, ikipita katika kadi ya sauti, ni mwizi. Hatukubali. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri. Santuri za zama zile ni nyepesi kuvunjika, na zilizosalia zimo mikononi mwa wachache. Anayenakili angalau anaokoa.

Lawama yetu ni nyingine. Programu kama Audacity, ikielekezwa huko, hunasa kila kinachosikika: udi, fidla, mkwaruzo wa sindano, hata mlio wa barua pepe iliyoingia katikati ya ubeti (nimeusikia, nikacheka kwa uchungu). Kisichonaswa ni jina. Jina lililoandikwa pembeni ya wimbo halina sauti, basi halipiti. Faili huhifadhiwa kwa anwani ya “taarab ya zamani 7”, ikasambazwa visiwani na Uarabuni, na mshairi aliyekesha akipima vina na mizani akafutwa.

Kuandika mtunzi, mwimbaji na kikundi hakuchukui hata dakika mbili. Uvivu huo tuuiteje, enyi mnaojigamba kuwa wahifadhi?