Mnaoziba Masikio, Mtaandika Nini?

Ndugu msomaji, leo sina salamu ndefu, nina ugomvi. Na ugomvi wenyewe ni na sisi kwa sisi, vijana tunaojiita waandishi.

Mwaka 2016 kijana anayejiita Man Fongo alitoka na singeli yake, "Hainaga Ushemeji". Huo ndio wimbo uliomtoa. Kufumba na kufumbua ukawa kwenye daladala, saluni, bajaji, na kwenye harusi za watu wenye heshima zao. Mwaka huohuo mkongwe Profesa Jay akamshirikisha Sholo Mwamba katika "Kazi Kazi". Muziki ulioitwa wa wahuni wa Manzese, Tandale na Mbagala ukaingia sebuleni bila kupiga hodi.

Sisi waandishi tulikuwa wapi? Tumekunja sura! Na mpaka leo wapo waliokunja. Hoja zao ni tatu, nami nitazijibu zote.

Kwanza wanasema ni makelele. Haya, singeli inakimbia, mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika. Lakini haikudondoka kutoka mbinguni. Nyuma yake kuna mchiriku, ule wa vinanda vidogo vya Casio, ambao Jagwa Music wa Mwananyamala waliupiga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kuna ngoma za Wazaramo. Kuna taarab, inayokatwa kipande na kuongezwa kasi kwenye kompyuta. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa "Sounds of Sisso", mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na Ulaya wakacheza. Mzungu alipopiga makofi ndipo baadhi yenu mkasema, "Kumbe!" Aibu yenu hiyo, bwana, si ya Mburahati.

Pili wanasema si Kiswahili. "Hainaga" ni kitu gani? Sarufi ya darasani inataka "huwa haina". Sawa. Lakini hiyo "-ga" inaeleza mazoea, imetoka katika lugha zetu za bara, Kisukuma kikiwemo, na mama muuza vitumbua wa Tandika anaitumia kila asubuhi. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia hadithi ya kondakta wa Mbagala, kila "siendagi" na "hunaga" imekatwa kwa wino mwekundu. Nikakubali, maana nilitaka jina langu lichapwe. Kondakta wangu akawa anaongea kama msoma taarifa ya habari. Masela wa mtaani walipoisoma walicheka, tena pale ambapo mimi nilitaka walie. Sijasahau.

Tatu ni maadili. Hapa sitajifanya shujaa. Nina shemeji zangu nawaheshimu, na jina la wimbo ule silipeleki kwenye kikao cha ukoo. Ila wimbo si hotuba ya sheikh wala ya padri. Swali la mwandishi ni hili: kwa nini watu wengi vile walicheka? Nyumba ya kupanga ina vyumba sita, familia sita, choo kimoja. Shemeji katoka mkoani kutafuta kazi, analala nyuma ya pazia. Wote tunajua nini kinaweza kutokea humo, na barazani hakisemwi. Yeye kakitaja, watu wakacheza. Wewe uliyesoma riwaya zote hizo, umekiandika wapi?

Kumbukeni Siti binti Saad. Binti wa Fumba, muuza vyungu, mtu wa tabaka la chini. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Na nani aliandika wasifu wake? Shaaban Robert! Yule yule mnayemtaja kila mkitaka kututisha na Kiswahili fasaha. Hakuona kalamu yake inachafuka kwa kumwandika mwimbaji.

Sisemi kila singeli ni lulu. Nyingine ni takataka, na nyingi zinawaka wiki mbili zinazimika. Hapo hasa ndipo tunapohitajika. Mtaa unatunga kwa kasi, maneno yanazaliwa Jumamosi usiku na kufa Jumatano, na hakuna anayeyaandika. Tukiendelea kuziba masikio, watakuja wageni wayaandike wao, kisha wajukuu zetu wajifunze habari za Tandale kwa Kiingereza.

Kwa hiyo, mshikaji, Jumamosi spika zikifungwa uwanjani, usifunge dirisha. Toka na daftari. Sikiliza, cheza ukiweza, bisha ukitaka. Kisha andika, na ulichoandika kasome kwa sauti kibarazani, mbele ya haohao uliowaandika. Wakikucheka pasipochekesha, chana uanze upya.

Mimi yule kondakta nimeshaanza kumwandika tena. Safari hii anaongea mwenyewe.