Tunaomba Awe Mtakatifu, Hatutaki Awe Mwalimu

Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Oktoba tunasali kwa ajili ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki London siku hiyo mwaka 1999. Kwetu sisi Wakatoliki siku hii ni zaidi ya sikukuu ya taifa. Jimbo la Musoma lilikwisha kuanzisha mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, na wako waamini wanaovuka mpaka kila mwezi Juni kwenda Namugongo, Uganda, kusali kwa nia hiyo. Mimi nami naisali sala hiyo, na sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na sisi tunaoisali. Tumemchukua Mwalimu tukabaki na rozari yake na Misa yake ya asubuhi, kisha tukayaweka kando yale ambayo imani hiyo ilimdai. Tunampenda akiwa amepiga magoti. Akisimama na kuanza kusema, tunatazama pembeni.

Nilikuwapo siku moja kwenye harambee ya kujenga ukumbi wa parokia ambayo sitaitaja. Mgeni rasmi alikuwa mwanasiasa. Alichelewa, na Misa ikamsubiri. Alipofika, wazee waliokuwa wameketi benchi la mbele tangu asubuhi waliinuliwa ili yeye na watu wake wapate nafasi. Baada ya Komunyo akapewa kipaza sauti, akaongea muda mrefu kuliko mahubiri, akatoa bahasha, na vigelegele vikapigwa. Hakuna aliyeuliza fedha zile zimetoka wapi. Mtume Yakobo aliwakemea Wakristo wa mwanzo kwa kosa hilihili: kumpa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kando. Nasi tulilifanya mbele ya altare, na ukutani mwa ofisi ya parokia ilikuwapo picha ya Mwalimu.

Basi tuulize huyu tunayemtundika ukutani alikuwa mtu gani.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alibatizwa Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21 aliyejua anachokichagua. Alisoma Makerere, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu. Mwaka 1954 aliongoza kuanzishwa kwa TANU, na mwaka uliofuata akalazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi, akaacha na mshahara. Uhuru ulipopatikana Desemba 1961 alikuwa Waziri Mkuu. Mwezi uliofuata akajiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa, naye akaenda kwa wananchi kukijenga chama. Ni wangapi leo wangekiacha kiti kile baada ya wiki chache tu?

Desemba 1962 akawa Rais. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza kwa mamia, lakini siku ileile akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na nyumba za kupangisha na kuwa na hisa katika makampuni. Tuupende ujamaa au tusiupende, hapa palikuwa na mtu aliyeamini kwamba mwenye madaraka lazima ajinyime kwanza ndipo awadai wengine.

Kisha kuna jambo ambalo wazee wetu wengine hawajalisahau. Mwaka 1969 Serikali ilizitaifisha shule za mashirika ya dini, nyingi zikiwa za Kanisa lililomlea Mwalimu mwenyewe. Najua iliuma, maana shule zile zilijengwa kwa jasho la mapadri, masista na waamini. Lakini tukumbuke hali ilivyokuwa. Watoto wa Kikristo walikuwa wametangulia kwa elimu kwa sababu wamisionari walikuwa na shule, na watoto wa Kiislamu waliachwa nyuma. Rais Mkatoliki aliona kwamba haki inadai mlango uwe wazi kwa wote, hata kama Kanisa lake litapoteza. Sisi leo tunapomwona Mkristo mwenzetu amepata cheo, jambo la kwanza tunalofikiri ni kile ambacho parokia itapata.

Hapo wapo watakaonikatiza: “Usitupambie. Mtu yule aliwafunga watu.” Ni kweli, na atakayemwombea Mwalimu huku akiyaficha haya anaiombea sanamu. Sheria ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na uwezo huo ulitumika. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa. Vyama vingine vya siasa vilipigwa marufuku. Mwaka 1967 yeye mwenyewe aliandika kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kujengwa kwa kulazimisha watu. Mwaka 1973 ikatoka amri kwamba kuishi vijijini ni lazima. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, na kuna mahali nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Mkulima aliyeacha migomba yake na makaburi ya wazazi wake hakuuliza kama Rais alikuwa amesali asubuhi ile. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wengi wetu tulipanga foleni kutafuta sabuni na sukari.

Kwa hiyo simtetei kama mtu asiye na dosari. Lakini dosari hizo ndizo zinazotuonyesha kitu ambacho hatuna. Mwaka 1984, akiwa bado Ikulu, Mwalimu alisema wazi kwamba kama angeanza upya, yapo mambo ambayo asingeyafanya. Alitaja mawili: kuzifuta serikali za mitaa, jambo lililofanyika mwaka 1972, na kuvivunja vyama vya ushirika mwaka 1976. Hakusema alipotoshwa na washauri wala hakuwasingizia mabeberu. Serikali yake ilikwisha kupitisha sheria za kuvirudisha. Mwaka uliofuata akaondoka Ikulu kwa hiari yake, na ingawa alibaki Mwenyekiti wa chama hadi mwaka 1990, kiti cha Rais alikiacha. Kukiri kwake hakukuwa kamili. Kuhusu waliowekwa kizuizini tungependa kusikia zaidi. Lakini niambieni, ndugu zangu, ni lini mara ya mwisho kumsikia mwenye madaraka, serikalini au kanisani, akisema kwa kinywa chake mwenyewe: hapa nilikosea?

Mfalme Daudi alimtwaa mke wa mtu na kumfanya mumewe auawe. Hata hivyo tunasali zaburi zake. Tunamheshimu kwa sababu Nathani alipomwendea na kisa cha maskini mwenye kondoo mmoja, Daudi hakumtupa gerezani. Alikubali kwamba ni yeye. Lakini kabla ya toba ya Daudi palihitajika Nathani, mtu aliyeingia kwa mfalme akiwa hana deni mezani pake. Leo tunalalamika kwamba viongozi wetu hawatubu. Je, tumewapelekea Nathani yupi? Tuliyemtuma alirudi na bahasha ya ukumbi.

Na hili si wazo langu. Ndilo alilotuambia Mwalimu, na ndilo tusilotaka kulisikia. Oktoba 1970 alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, ambao wamisionari wenzao walikuwa wakifanya kazi Musoma, nyumbani kwake. Angeweza kuwashukuru kwa zahanati na shule akaketi. Badala yake aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kwa vitendo kuupinga mfumo unaowafanya watu wawe maskini, litakuwa halina maana kwa watu, na dini itageuka ushirikina wa wenye hofu. Alidai Kanisa liwe upande wa wanaoonewa, hata pale litakapochukiwa kwa hilo. Aliyesema hayo alikuwa Rais aliyeko madarakani. Ni kama Daudi amwite Nathani na kumwambia: usinionee haya.

Nayajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni kwamba mabati na saruji havinunuliwi kwa maneno. Ni kweli. Lakini makanisa mengi ya nchi hii yalijengwa kwa shilingi za jumuiya ndogondogo, kwa debe la mahindi na kuku wa mjane. Ukumbi utakaochelewa miaka mitatu hautamzuia yeyote kuingia mbinguni. Ukumbi uliotufunga mdomo unaweza kutuzuia.

La pili ni kwamba Kanisa lisiingie siasa. Nami nakubali kwamba padri asiwe mpiga debe wa chama chochote. Lakini aliyempa mwanasiasa kipaza sauti baada ya Komunyo alikwisha kuingia siasa, ila ameingia upande wa wenye nguvu. Kusema kwamba dawa hazipo zahanati, kwamba ardhi ya wanakijiji imechukuliwa, kwamba mtu amekamatwa na ndugu zake hawajui alipo, huko ni kuwapenda jirani zetu kwa majina yao.

La tatu huwa la chinichini: kwamba Mwalimu alikuwa mtu wa pekee, na sisi ni watu wa kawaida. Hapa ndipo utakatifu wake tunapoutumia vibaya kabisa. Tunampandisha juu ili tusidaiwe kumfuata. Kanisa hututolea watakatifu wawe mfano wetu pia, si waombezi tu.

Basi tuanze na yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mgeni rasmi na akae popote atakapopata nafasi, kama muumini mwingine. Kipaza sauti cha Misa kibaki kwa Neno la Mungu. Halmashauri ya parokia isome hesabu za fedha mbele ya waamini, ikitaja kilichopokelewa na kilichotumika, kabla hatujawadai wabunge uwazi. Kamati ikikosea, mwenyekiti wake asimame aseme. Na anayeleta mchango mkubwa aulizwe kwa heshima alivyoupata. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani mwake, alisimama mwenyewe akaahidi kuwarudishia aliowadhulumu.

Huenda siku moja Roma itamtangaza Mwalimu mwenyeheri, nami nitafurahi nikiwa hai. Lakini siku hiyo picha yake itakapobebwa kwa maandamano hadi altareni, tuangalie nani wameketi benchi la mbele. Kama wale wazee bado wamesimama nyuma, tutakuwa tumepata mtakatifu, na yale aliyotufundisha hatutakuwa tumeyajifunza.