Joaquín Costa na kiti alichokiacha wazi

Mwaka 1903 Joaquín Costa alichaguliwa kuwa mbunge wa Hispania kwa tiketi ya muungano wa vyama vilivyotaka ufalme uondoke. Hakukikalia kiti chake hata siku moja. Wapo wanaoliita hilo ushujaa, lakini ukweli ni kwamba aliyeomba kura ana deni kwa waliompigia.

Deni lenyewe lilikuwa kubwa, kwa kuwa ni wachache walioijua nchi ile kama yeye. Alizaliwa Monzón, Aragón, mwaka 1846, mtoto wa mkulima maskini, akasoma huku akifanya kazi za mikono. Baadaye alifaulu mtihani wa serikali akawa mthibitishaji wa hati, huko Jaén na kisha Madrid. Nchini Hispania mwenye cheo hicho ndiye anayeandika na kutia muhuri mauziano ya mashamba, wosia na mikopo. Nani anakopa, nani anauza shamba: hayo hupita mezani pake.

Tangu 1892 aliwakusanya wakulima wa Aragón ya juu kudai maji ya umwagiliaji, na mwaka 1906 mfereji waliokuwa wakiudai ulifunguliwa. Kitabu chake cha 1898, *Colectivismo agrario en España*, kilitetea ardhi, malisho na maji vinavyomilikiwa na kijiji kizima, wakati serikali ilikuwa ikiuza ardhi za vijiji tangu sheria ya 1855. Mwaka 1901, katika ukumbi wa Ateneo mjini Madrid, alifichua jinsi vigogo wa vijijini walivyopanga matokeo ya uchaguzi kabla ya kura kupigwa.

Afrika nayo ina la kumdai. Mwaka 1883, kabla ya mkutano wa Berlin wa mataifa ya Ulaya kuhusu Afrika, alikuwa mstari wa mbele kuandaa mkutano wa Madrid uliohimiza Hispania ijipatie makoloni. Mtetezi wa ardhi ya wanakijiji wa kwao hakuona kwamba ardhi ya Guinea ya Kihispania nayo ina wenyewe.

Ugonjwa wa misuli ulimtesa tangu ujana, lakini haukumfunga mdomo. Mwaka 1908, akiwa hoi, alisafiri hadi Madrid kuupinga mbele ya kamati ya bunge muswada wa kupambana na ugaidi wa waziri mkuu Maura. Muswada ule haukupita. Hiyo ndiyo kazi ya mbunge, na Costa aliiweza.