Foto moja, miaka 15?

Ndugu vijana wa Kasungami na wa Lubumbashi yote,

Diplome tuko nazo, kazi hatuna. Njo maana majirani wanatuleteaka makaratasi tuwasomee. Juzi ilikuwa konvokasio ya polisi: kijana wa miaka 16, juu ya foto ambayo mupenzi wake, naye wa miaka 16, alimutumia. Kaka mukubwa wa miaka 24 aliiba ile foto kwenye telefone na kuitupa ndani ya gropu ya WhatsApp. Yeye hakuitwa. Mama aliuliza paka swali moja: "Batamufunga Kasapa?"

Tukafungua sheria. Sheria 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mutoto, inasema mutoto ni kila mutu asiyefikisha miaka 18. Kifungu 179 kinaazibu kutengeneza, kusambaza, hata kushika tu picha za ngono za watoto: miaka 5 mpaka 15 ya kifungo.

Kwa mukubwa anayechezea mwili wa mutoto, azabu hiyo tunaiunga mukono yote. Lakini kifungu hakitofautishe mukubwa huyo na watoto wawili wanaopendana. Ni kweli, sheria ile ile inasema chini ya miaka 14 mutoto hashitakiwe. Kuanzia 14 anaenda mbele ya jaji wa watoto, ambaye anaweza kumukaripia na kumurudisha kwa wazazi. Kwa hiyo, mama, ile miaka 15 hapana.

Basi ukali uko wapi? Uko njiani, mbele ya kufika kwa jaji. Neno "miaka 15" linatosha kumutisha mama mpaka atoe pesa ya biashara ya unga ili "mambo iishe". Na musichana ameacha masomo juu ya haya.

Tunaomba:

– Wabunge waandike wazi: watoto wa umri mumoja waliokubaliana wasishitakiwe. Azabu kali ibakie kwa wakubwa na kwa musambazaji.

– Mutoto akiitwa, apelekwe kwa jaji wa watoto, bila malipo ya pembeni.

– Masomo yamupokee musichana, yasimufukuze.

Na sisi wenyewe? Foto ikikufikia, ifute. Usiitume hata kwa mutu mumoja. Kila anayeituma anamuvua nguo tena.

Vijana wa Kasungami