Kabla ya Kununua Laini ya Pili ya Banda, Toa Rauta ya Zamani Kabatini

Leo siongelei pamba wala viwavijeshi. Naongelea hela inayovuja bandani bila mtu kuiona.

Mwaka jana kijana mmoja wa hapa Bariadi, mfugaji wa kuku wa mayai, alinifuata: "Bwana shamba, nimefunga kamera nne bandani na kile kisanduku cha kurekodia, ila intaneti iko nyumbani. Nifanyeje?" Kisanduku chenyewe hakishiki waifai, kina tundu la waya tu. Nikamjibu harakaharaka: nunua laini nyingine, weka rauta yake huko bandani.

Nilimshauri vibaya. Alilipa mabando mawili kwa miezi mitano. Siku aliponionyesha daftari lake, bando la banda peke yake lilikuwa linakula karibu mfuko mmoja wa chakula cha kuku kila mwezi. Yeye hakulalamika. Aibu ilikuwa yangu.

Kumbe dawa ilikuwa kabatini kwake: rauta ya zamani aliyoacha kuitumia. Ukiigeuza kuwa daraja, inapokea waifai ya nyumbani kama simu inavyopokea, halafu inaitoa kwenye matundu yake ya waya. Kisanduku cha kamera, kompyuta ya stoo, hata printa ya risiti, vyote unavichomeka hapo. Bando linabaki moja.

Kuna watakaosema, si uvute tu waya? Kama banda liko hatua chache, vuta. Lakini waya wa mtandao wa shaba mwisho wake ni mita 100. Tena huku Kanda ya Ziwa radi si hadithi. Waya mrefu uliokatiza uwanja unaweza kubeba mshtuko wa radi ukaunguza vifaa vya pande zote mbili. Daraja la hewani halina waya wa kubeba mshtuko huo kati ya nyumba na banda.

Namna ya kuiweka:

1. Bonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kwa sekunde kama 10. Kisha unganisha rauta na kompyuta kwa waya.
2. Fungua ukurasa wake wa mipangilio, tafuta modi ya "Client", "Bridge" au "WDS". Kama ina modi ya kusambaza upya mawimbi tu, nayo mara nyingi hutoa intaneti kwenye tundu la waya. Itumie, ila kasi itapungua.
3. Chagua waifai ya nyumbani, weka nywila yake. Tumia masafa ya 2.4 GHz, yanafika mbali kuliko 5 GHz.
4. Ipe anwani ya familia moja na rauta kubwa. Kama kubwa ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2, mradi hakuna kifaa kingine chenye namba hiyo.
5. Zima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani. Agawe mkubwa peke yake. Zikigawa zote mbili, leo kamera inaonekana, kesho haionekani, na utamlaumu fundi bure.
6. Chomeka kifaa chako kwenye tundu la LAN, siyo la WAN.

Huyu kijana alifanya yote haya na bado ikagoma. Tatizo lilikuwa bati. Rauta ilikaa ndani ya banda lililozungushiwa mabati, na bati ni adui wa mawimbi. Tuliisogeza dirishani penye wavu, ikitazamana na dirisha la sebuleni, ikashika palepale. Kwa hiyo kabla ya kutoboa ukuta, simama na simu pale unapotaka kuiweka, uone waifai inafikaje.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: ukiwa nyumbani na ukaangalia kamera kwa anwani ya ndani, bando haliguswi. Picha zinatembea kati ya rauta zako mbili tu. Bando linaliwa ukiangalia ukiwa Maswa au Mwanza.

Sisemi daraja linafaa kila mtu. Shamba likiwa kijiji cha pili, rauta ya ndani haitafika. Hapo utahitaji antena za nje za kuelekezana au laini yake kabisa.

Msimamo wangu ni huu: intaneti ya shamba ni gharama ya uzalishaji kama mbolea na chanjo. Iandike kwenye daftari, iulize inaleta nini. Pale Nyakabindi kila Nanenane vijana wananiuliza wanunue kifaa gani kipya. Siku hizi nawauliza kwanza: cha zamani umekiweka wapi? Na sisi maafisa ugani tujifunze kabla ya kujibu.

Ukikwama, pita ofisini na rauta yako. Usisahau adapta yake.