Midomo ikivimba, tusingoje jibu la labo

Ndugu wachimbaji, mama na vijana wa nyumbani, hii jambo kwetu Kolwezi, Likasi na Fungurume si geni. Mutu anatoka kazini, anameza kidonge cha maumivu ya mugongo. Kisha muda kidogo ngozi yote inatoka mabaka ya kuwasha, macho na midomo vinavimba. Jirani anasema: "Bamemuloga." Tunamupakia kwenye pikipiki mbio mpaka hospitali. Pale neno la kwanza ni: "Mulipe labo kwanza, kiisha tutamuangalia."

Sisi tunasema: huo utaratibu umegeuzwa juu chini.

Hatukatai kupima damu. Ugonjwa huu ukiwa mkali, alama fulani za damu, kama CRP na D-dimere, zinaweza kupanda, na waganga wanazichunguza ili kujua ukali wake. Triptaze nayo inasaidia baadaye kuhakikisha kama ilikuwa alerji kali. Lakini CRP inapanda pia kwa malaria ao kidonda kilichooza, na D-dimere inapanda kwa mama mwenye mimba. Hakuna karatasi ya labo inayosema kama koo inafunga dakika hii.

Kinachosema ni mgonjwa mwenyewe. Sauti inabadilika, ulimi unavimba, mate hayapiti, kifua kinalia, tansio inashuka, kichwa kinazunguka. Hapo dawa njo adrenalini, ndani ya nyama ya paja: nusu miligramu kwa mutu mkubwa, na kurudilia kisha dakika 5 kama hapati nafuu. Alale, miguu juu; pumzi ikimusumbua, akae. Asisimamishwe. Kortisoni inakawia masaa, haiwezi kuchukua nafasi yake. Na akipata nafuu asikimbilie nyumbani, sababu shambulio linaweza kurudi.

Kuna uvimbe wa namna ingine: ulimi na midomo vinavimba bila kuwasha, kwa mutu anayekunywa captopril ao enalapril juu ya tansio. Huyo adrenalini inaweza isimusaidie sana. Akimbizwe hospitali, koo ichungwe, na ile dawa asiirudilie tena.

Lakini mwenye mabaka ya kuwasha tu, anayepumua na kuongea vizuri, mara nyingi anapona na vidonge vya alerji. Kwa nini tumumalizie feza ya chakula cha watoto kwa vipimo vingi ambavyo havitabadilisha dawa yake?

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, wakubwa wa mgodi na wa vituo vya afya: adrenalini iwe ndani ya kabati, usiku na mchana, na infirmie wa zamu awe amefundishwa na ameruhusiwa kuichoma bila kungoja risiti ya kesi. Ni dawa ya zamani, na bei yake si kubwa.

Pili, sisi wenyewe. Tupeleke hospitali pakiti ya kile kidonge, tuseme alikula nini, aliumwa na mdudu gani. Jina la dawa iliyomudhuru liandikwe kwenye karatasi yake, na bibi yake alijue.

Damu ipimwe, sawa. Lakini pumzi kwanza.