Kabla Uuze Mbuzi Ununue Besi ya Betri

Jana usiku binamu yangu wa Runyenjes alinitumia picha ya gita la besi. Nyuzi tano, pikapu mbili, nobu tano, betri ndani. Akaandika: "Bro, nauza mbuzi wawili nichukue hii." Nikamwambia ngoja kwanza. Naandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Tuelewane mapema: pikapu ninayosema si ile Hilux ya kubeba miraa kutoka Maua. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, inakaa chini ya nyuzi. Uzi ukitetemeka, inageuza mtetemo kuwa umeme, umeme unaenda kwa amplifaya. Pikapu ikikaa karibu na shingo ya gita, sauti ni nene na laini. Ikisogea kwa daraja, sauti inakauka na inakata. Nobu ya toni nayo kazi yake ni moja tu: kupunguza ule ukali wa juu.

Besi ya betri inaongeza kitu: unaweza kupandisha sauti ya chini na ya juu hapo hapo kwa gita. Wazo si baya. Music Man walitoa StingRay mwaka wa 1976 ikiwa hivyo, na mpaka leo watu wanaitafuta. Studio, au jukwaa lenye mitambo mizuri, ni raha tupu.

Lakini sisi tunapigia wapi? Kanisa la mabati. Hema la ruracio. Spika za kukodisha na jenereta. Ukipandisha sauti ya chini ndani ya mabati unapata ngurumo tu, noti hazisikiki. Na benga bila noti za besi kusikika ni nini? Kwa benga besi inaongea na gita, haijifichi nyuma ya ngoma.

Halafu kuna hiyo betri. Mwaka juzi nilipiga kesha Nkubu na besi ya kuazima. Niliiacha imechomekwa waya tangu mazoezi ya mchana. Sikujua kwamba besi nyingi za aina hiyo hula betri bora waya uko ndani, hata kama hupigi, na betri yenyewe ilikuwa nzee. Saa nane usiku, katikati ya sifa, sauti ikaanza kukwaruza, halafu kimya. Betri ya volti 9 saa nane usiku Nkubu utatoa wapi? Nilimalizia kesha nikipiga makofi kama waumini wengine.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kama unapiga kanisani zaidi, tafuta besi yenye pikapu moja iliyokatwa vipande viwili, mtindo ambao Fender waliweka kwa Precision mwaka wa 1957. Vile vipande viwili vinauana ule mlio wa stima, na kwa jenereta zetu hiyo ni baraka. Kama ni benga, chukua mtindo wa Jazz Bass: pikapu mbili, volyumu mbili, toni moja. Nyimbo za taratibu, fungua ya shingo na ushushe toni nusu. Benga ikianza, fungua ya daraja, punguza ya shingo kidogo tu. Ukisikia mlio wa stima, fungua zote mbili mpaka mwisho, kwa kawaida unapotea.

Nobu tatu ukizijua vizuri zinatosha. Nobu tano usizozielewa utaziweka zote katikati na usiziguse tena, na umezilipia.

Binamu, uza mbuzi mmoja. Huyo mwingine mwache azae.